Kiangazi hiki, kila rimiksi ipigwe pamoja na mama yake

Bukavu – Mvua imekwisha. Vumbi limeanza kupanda kutoka Kadutu mpaka Panzi, watoto wamefunga madaftari, likizo kubwa imeingia. Kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya muziki kuliko miezi mingine yote. Kuna tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru. Kuna matokeo ya Exetat, ambapo waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuzunguka mitaa wakiimba mpaka sauti zinakauka. Kuna ndoa, kila Jumamosi ndoa, kwani kiangazi hakina mvua ya kulowesha nguo ya bibi arusi. Na penye shughuli hizo zote kuna spika mbili kubwa, jenereta moja, na kijana mwenye kompyuta anayeitwa DJ.

Swali la kila mwaka ni lile lile: safari hii kutapigwa nini? Redio za mji zinatoa orodha zao, vijana wanatumiana zao kwa WhatsApp, na wale wenye vibanda vya kupakia nyimbo kwenye kadi memori na flashi wanajua jibu kabla ya watu wote, maana ndio wanaoona kila siku wateja wanaomba nini. Orodha inayopendekezwa hapa ina nyimbo za dansi, za rap, za kanisani na za gitaa kavu. Ila ina sharti moja. Wimbo mpya uliotokana na wimbo mwingine usipigwe peke yake. Upigwe pamoja na ule uliouzaa, na anayeupiga ataje majina ya waliotunga wote wawili.

Sharti hilo linaweza kuonekana dogo. Asimame mtu karibu na spika katika ndoa yoyote, ataelewa. Mgeni aliyeguswa na wimbo anasogea na kupaza sauti: “Papa DJ, hii wimbo ni ya nani?” Jibu linakuja bila haya: “Sijue, mzee. Nilikuta tu ndani ya flashi.” Na kweli hajui. Wimbo umetoka simu hadi kompyuta, kompyuta hadi flashi, flashi hadi kompyuta nyingine, na njiani jina la mwimbaji limeanguka. Umebaki na namba tu, au na jina la kibanda kilichoupakia. Mara nyingi kuna sauti iliyobandikwa juu ya wimbo, inayotaja jina la DJ kila baada ya dakika moja, hata pale mpiga gitaa anapoanza kusema jambo lake. Basi mtu anatoka kwenye sherehe akijua jina la aliyebonyeza kitufe, asijue jina la aliyetunga.

Wako watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumzia nyimbo. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na jamaa nyingi zimepoteza watu, kazi na nyumba. Hakuna wa kulibisha hilo. Lakini hata kwenye matanga watu wanaimba, na hata waliokimbia wanaoa, wanaolewa na kubatiza watoto. Mtu anayekimbia anaacha kitanda, anaacha mbuzi, anaacha hata picha za wazazi. Wimbo anaondoka nao kichwani. Kwa hiyo ni vizuri aondoke nao ukiwa na jina la mwenyewe.

Tuanze na mtoto wa karibu. Innoss'B ni kijana wa Goma, aliyeanza kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul kabla ya kujulikana peke yake. Mwaka 2019 alitoa “Yope”, na miezi michache baadaye ikaja rimiksi yake pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Ni rimiksi iliyotazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube, na hakuna mtoto wa Kivu asiyejua kucheza ile miguu yake. Wengi wamesahau kwamba kulikuwa na “Yope” ya kwanza. Isikilizwe hiyo kwanza, ndipo rimiksi ifuate. Katika ile ya kwanza ngoma ndiyo inayoongoza na kijana anaifuata mbio. Katika rimiksi Kiswahili cha Dar es Salaam kinaingia na wimbo unapata mlango wa pili, mlango ambao wasikilizaji wa Nairobi, Mwanza na Bujumbura waliingilia. Ni rimiksi nzuri kwa sababu hiyo. Mgeni hakuja kukalia kiti cha mwenye nyumba. Aliongeza chumba.

Diamond huyo huyo anafaa kwa mfano wa upande wa pili. “Komasava” ya mwaka 2024, aliyoimba pamoja na Khalil Harisson na Chley wa Afrika Kusini, jina lake ni salamu ya Kifaransa iliyoandikwa kama inavyosikika mdomoni mwa mtu wa kwetu huku Afrika. Bukavu, ambako watu wanachanganya Kifaransa na Kiswahili tangu asubuhi sokoni, wimbo huo ulipokelewa kama wa nyumbani. Kisha ikatoka rimiksi na Mmarekani Jason Derulo. Jina lake ni kubwa, lakini wimbo haukupata kitu ambacho haukuwa nacho. DJ mwenye nafasi ya wimbo mmoja tu achague wa kwanza.

Kuhusu nyimbo za Diamond na wakubwa wa Kongo, ziko mbili ambazo bado zinajaza uwanja: “Inama” ya 2019 na Fally Ipupa, na “Waah!” ya mwisho wa 2020 na Koffi Olomidé, mzaliwa wa Kisangani. Hazihitaji maelezo marefu. “Waah!” ni ya saa tatu usiku, wakati wazee bado wapo na vijana wameshachoka kungoja, maana pande zote mbili zinapata chao. “Inama” ina upole kidogo, inafaa kabla ya chakula.

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ambayo jozi ya kwanza kabisa inapaswa kupigwa, na kila redio inaweza kuipiga bila shida, maana wimbo wa mama unajulikana na wote. “Indépendance Cha Cha” ulitungwa Bruxelles mwaka 1960, wakati viongozi wa Kongo walipoketi na Wabelgiji katika kikao cha Meza ya Duara na kupata tarehe ya uhuru. Grand Kallé, ndiye Joseph Kabasele, alikuwa huko na kundi lake la African Jazz; gitaa lilikuwa la Dr Nico. Wimbo unafurahia, halafu unataja vyama na viongozi waliokuwa mezani: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe na wengine, wote ndani ya wimbo mmoja kama watoto wa jamaa moja.

Anayejua historia anausikiliza kwa moyo mzito. Uhuru ulikuja 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu baadaye, Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Januari 1961 Lumumba aliuawa, huko huko Katanga. Majina yaliyoimbwa pamoja hayakukaa pamoja hata mwaka mmoja. Hilo ndilo Baloji alilochukua. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, ni mwimbaji wa rap na siku hizi pia mtengeneza filamu. Filamu yake “Augure” ilipata tuzo huko Cannes mwaka 2023. Nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, aliurudia wimbo wa Kallé kwa namna yake, akaupa jina la Kifaransa na la Kiswahili: “Le Jour d'Après / Siku Ya Baadaye”. Umo katika albamu yake “Kinshasa Succursale”. Mwendo wa cha-cha upo pale pale, lakini maneno yanauliza siku iliyofuata sherehe ilileta nini.

Zipigwe zote mbili mfululizo, Kallé kwanza, Baloji nyuma yake, na kati yake mtangazaji aseme mwaka wa kila wimbo. Ni dakika chache tu za redio. Mwanafunzi wa sekondari atapata ndani yake somo la historia ambalo pengine hakulipata darasani, na babu aliyeketi mlangoni atapata la kuongeza.

Jozi nyingine ni ya baba na mtoto wa damu. Youssoupha, mwimbaji wa rap wa Ufaransa, alizaliwa Kinshasa mwaka 1979. Baba yake ni Tabu Ley Rochereau, ambaye sauti yake ilitawala redio za Kongo kwa miaka mingi na ambaye alifariki Novemba 2013. Mwaka 2012 Youssoupha alitoa “Les disques de mon père”, yaani sahani za baba yangu, wimbo uliojengwa juu ya “Pitié” ya Tabu Ley. Kijana anarap, na nyuma yake sauti ya mzee inarudi kama mtu anayeongea kutoka chumba cha ndani. Wapenzi wa rap wa Bukavu wengi wanajua wimbo wa mtoto. Wazazi wao wanajua wa baba. Katika nyumba nyingi watu hao wawili wanagombania redio moja. Wapigiwe jozi hii Jumapili mchana, wataacha kugombana angalau kwa muda wa nyimbo mbili. Na atakayependa kuendelea na upande wa baba, aongeze “Nakei Nairobi” ya Mbilia Bel, aliyelelewa kimuziki katika kundi la Tabu Ley. Jina maana yake ni “ninaenda Nairobi”, na kweli ulikwenda Nairobi, ukakaa huko kama mwenyeji.

Njia hiyo ya Nairobi ilipitwa na wengi kabla yake. Katika miaka ya 1970 bendi za Kongo zilivuka mipaka kutafuta kazi, studio na wasikilizaji. Orchestra Super Mazembe walitoka Kongo, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Wimbo wao unaopigwa zaidi, “Shauri Yako”, haukuwa wao tangu mwanzo. Ni wa Nguashi N'timbo. Super Mazembe waliuchukua, wakaupanga upya, na kwa masikio ya watu wengi ukawa wao kabisa. Zamani hakuna aliyeita jambo hilo rimiksi, lakini ni kazi ile ile: wimbo wa mtu unapewa gitaa jipya, sauti mpya, barabara mpya. Ndiyo maana anayesema kwamba rimiksi ni uvivu wa vijana wa siku hizi anakosea. Wazee walifanya hivyo sana. Jina la Nguashi N'timbo, hata hivyo, linatajwa mara ngapi wimbo huo unapopigwa kwenye ndoa? Hapo wazee na vijana wana deni moja.

Kwa vijana wanaotaka kelele, na kiangazi bila kelele si kiangazi, wajaribu Kinshasa ya upande mwingine, ile isiyovaa suti. Konono Nº1 ni kundi lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, mpiga likembe. Alipohamia Kinshasa aliona kwamba likembe halisikiki katikati ya magari na makelele ya mji. Akatafuta sumaku katika vipuri vya magari ya zamani, akatengeneza vipaza sauti kwa mikono yake, akaunga na spika za tarumbeta. Sauti ikatoka ikikwaruza, na mkwaruzo huo huo ndio uliopendwa. Albamu yao “Congotronics” ilitoka mwaka 2004 na kuwafikisha majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mawangu alifariki mwaka 2015.

Mwaka 2010 ilitoka albamu ya kuirudia kazi hiyo, “Tradi-Mods vs Rockers”, ambamo wanamuziki wa Ulaya, Marekani na kwingineko walichukua nyimbo za Konono na za makundi mengine ya aina yake, kila mmoja akazifanya kwa namna yake. Si zote zilizofaulu. Baadhi wamelipaka likembe rangi mpaka halionekani. Lakini ni shule nzuri kwa mtu mwenye studio ndogo: anasikia jinsi watu ishirini na zaidi wanavyoweza kuingia katika nyumba moja kwa milango tofauti, na jina la mwenye nyumba likabaki limeandikwa juu ya mlango. Anayependa kuona mahali njia hiyo ilipofika, asikilize KOKOKO! wa Kinshasa, wanaopiga vyombo walivyounda kwa chupa, makopo na vyuma vilivyotupwa, pamoja na mashine za umeme za Mfaransa Débruit. Albamu ya kwanza inaitwa “Fongola”, ufunguo, ya 2019. Ya pili ni “BUTU”, usiku, ya 2024, na inafaa usiku kweli, ila si karibu na nyumba yenye mtoto mchanga.

Hapa kuna jambo la kuwaambia wenye studio wa Kivu. Vijana wanafuata midundo ya Lagos na Johannesburg, na hakuna ubaya. Midundo hiyo ni mizuri. Lakini milimani, kati ya Bukavu na Kabare, wapo Bashi wanaopiga lulanga, kile chombo cha nyuzi kilichochongwa kama sinia ndefu, ndugu ya inanga ya Burundi na Rwanda. Lulanga lina mdundo wake na mwimbaji wake anasimulia kwa sauti ya chini, karibu kama mtu anayenong'ona habari. Kijana mwenye kompyuta na kipaza sauti kimoja anaweza kufanya kwa lulanga kile Mawangu alichofanya kwa likembe. Ila asiende na simu tu, arekodi, arudi mjini na kuweka jina lake peke yake. Amuulize mzee jina lake, jina la kijiji, na wimbo alijifunza kwa nani. Aandike. Wakikubaliana kuhusu pesa, waandikiane kabla wimbo haujatoka, si baada ya kupendwa.

Kuhusu pesa, mambo hayana siri. Kongo ina sheria inayolinda watunzi, Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na ina shirika la kukusanya haki zao, SOCODA, lililoundwa mwaka 2011. Wimbo ukipigwa hadharani, kwenye baa, hoteli au redio, mtunzi ana haki yake. Hakuna shirika duniani linaloweza kumlipa mtu ambaye jina lake halijulikani. Redio isiyoandika imepiga wimbo gani, DJ asiyejua wimbo ni wa nani, kibanda kinachofuta jina la mwimbaji na kuweka namba: wote wanafunga mfereji kabla maji hayajaanza kutiririka. Baadaye watu wanashangaa kwa nini mwanamuziki aliyechezesha nchi nzima anazeeka akiomba michango ya dawa.

Ndiyo sababu libanga limekuwa kubwa hivyo. Mwanamuziki asiyepata haki ya wimbo anauza majina: tajiri analipa, jina lake linaitwa katikati ya wimbo. Kuna watu wanaowalaumu wanamuziki kwa desturi hiyo, na kweli kuna nyimbo ambazo majina ni mengi kuliko mashairi. Lakini ajabu yake haisemwi vya kutosha. Mfanyabiashara wa saruji anatajwa ndani ya wimbo miaka arobaini baada ya kuutajwa, na mpiga gitaa wa pili aliyeufanya wimbo huo uchezeke hajulikani na mtu.

Turudi kwenye muziki. Jumapili asubuhi ina nyimbo zake. “Kwetu Pazuri” ya kwaya ya Ambassadors of Christ inajulikana kila mahali pa Kiswahili na haichoshi. Lakini kwa atakayekubali kitu cha zamani, iko “Missa Luba”, iliyoandaliwa Kamina katika miaka ya 1950 na padri Mbelgiji Guido Haazen pamoja na kwaya ya watoto na waalimu walioitwa wakati huo Les Troubadours du Roi Baudouin. Maneno ni ya misa ya Kilatini, sauti na ngoma ni za Kongo. Ni rimiksi kabla ya neno hilo kuja. Sehemu ya Sanctus ilisafiri mpaka ikatumiwa katika filamu ya Kiingereza “if....” ya mwaka 1968. Jina la padri liko kwenye kila jalada. Majina ya waimbaji wa Kamina ni vigumu zaidi kuyapata, na mtu anayesikiliza kwa makini atatamani kuyajua, hasa ya yule anayeimba peke yake mbele ya kwaya.

Jioni, wakati upepo wa ziwa unapoanza na mama wanaanua nguo, ndiyo saa ya gitaa kavu. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa akipiga gitaa njiani Jadotville, inayoitwa sasa Likasi, Mwingereza Hugh Tracey alipomkuta mwaka 1952 na kurekodi “Masanga”. Ni gitaa moja tu, linalopigwa kwa vidole viwili, na bado linasikika kama watu watatu wanaozungumza. Wapiga gitaa kutoka Ulaya walisafiri kuja kujifunza mkono wake. Kijana wa leo anayejifunza gitaa kwa simu atafute “Masanga” na ajaribu. Wiki ya kwanza atakasirika, ya pili atakasirika zaidi, ya tatu kidole gumba kitaanza kuelewa. Hapa hakuna rimiksi ya kupendekeza. Kila anayejaribu kuupiga ndiye rimiksi.

Fally Ipupa hahitaji kupendekezwa na mtu, lakini albamu “Formule 7” ya Desemba 2022 bado haijapata masikio ya kutosha nje ya zile nyimbo mbili tatu zinazopigwa kila siku. Rumba ilipoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, Desemba 2021, kwa jina la Kongo zote mbili, watu walipiga makofi siku moja na kurudi kwenye kazi zao. Mwaka mmoja baadaye mwimbaji anayeweza kuimba chochote akarudi kwenye rumba ndefu, yenye subira. Isikilizwe nyumbani, si kwenye sherehe. Sherehe haina subira.

Na wale wa mji wenyewe? Bukavu, Uvira na Goma wana vijana wanaoimba kwa Kiswahili cha mtaani, hiki cha “hii wimbo ni ya nani”, wenye nyimbo mbili au tatu zilizorekodiwa kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Wakipeleka kazi yao redioni, mara nyingine wanaombwa kitu kidogo ili ipigwe, huku za Kinshasa na Lagos zikipigwa bure tangu asubuhi. Jambo hili linajulikana na kila mtu katika kazi, na linapaswa kukoma. Pendekezo ni rahisi: katika kila saa ya muziki, wimbo mmoja wa mtoto wa mji, bila franka hata moja, na jina lake litajwe mwanzoni na mwishoni. Wenye ndoa nao wanaweza kumwambia DJ wakati wa kulipa malipo ya kwanza. Anayelipa ana sauti.

Wenye vibanda vya kupakia nyimbo nao wana kazi yao, ambayo haiwagharimu kitu. Wasifute majina. Mteja akiomba rimiksi, wampakilie na mama yake kwa bei ile ile. Wengi ni wanafunzi wanaotafuta pesa ya shule, wanaujua muziki kuliko watangazaji, na wakiamua jambo hili kwa mwezi mmoja tu, mji mzima utaanza kusikia tofauti kabla redio hazijakutana kulijadili.

Imebaki saa ya kufunga. Mwisho wa 2024 vijana wa Kenya waliufufua wimbo mwingine wa Super Mazembe, “Kasongo”, wakaucheza kwenye TikTok, wakaufanya hata jina la utani la rais wao. Hivi wengi wanauona kama mzaha wa Nairobi. Ni wimbo wa Wakongo, kwa Lingala, na ndani yake mke anamsihi Kasongo arudi nyumbani. DJ anayetaka watu waondoke bila kuzima jenereta aupige huo, ataje waliouimba, kisha aanze kukunja nyaya zake taratibu. Wenye wake nyumbani wataelewa.